Waya Ndani ya Kamba ya Nguo

Mzee mmoja wa kijiji chetu hapa Nakivale alikuja kwangu jioni na redio yake imefungwa ndani ya kitenge. Mimi natengeneza redio na simu, watu wananiita fundi, basi redio kuja kwangu si jambo la kushangaza. Kilichonishangaza ni kwamba redio ile haikuwa mbovu.

"Fundi," akasema, "inashika, lakini inashika vibaya. Nataka waya wa nje. Ila huo waya usionekane."

"Usionekane na nani, Papa? Wezi?"

Akacheka kidogo. "Mwizi atafanya nini na waya? Majirani. Wanasema mimi naongea na watu wa kule."

Ndugu msomaji, sina haja ya kukueleza kule ni wapi. Kila mtu hapa ana kule yake. Mzee husikiliza habari kwa lugha yake ya mama, na lugha hiyo, kwenye masikio ya baadhi ya majirani, ni lugha ya watu waliowachomea nyumba. Usiku akifungua redio anashusha sauti mpaka inakuwa kama mbu. Siku moja aliiweka dirishani na kuivuta antena yake yote nje. Kesho yake bombani watu wakasema mzee ana foni.

Waliotoka Kivu wanaikumbuka foni. Ni ile redio ya mawasiliano ya misheni, ya hospitali, ya kiwanja cha ndege, yenye waya mrefu juu ya paa. Kabla ya simu za mkononi, mgonjwa akizidiwa au mtu akifa mbali, habari ilipita kwenye foni. Vita ilipokuja, wenye bunduki waliitafuta mapema, maana mwenye foni anaweza kuita wengine. Kuanzia hapo macho yetu yalijifunza somo moja: waya juu ya nyumba ni hatari. Somo hilo tulivuka nalo mpaka pamoja na sufuria.

Sasa, redio ya mzee haiwezi kusema chochote kwa mtu yeyote. Inapokea tu. Ndani yake hamna mtambo wa kurusha sauti, na hata ukiifunga kwenye waya wa mita mia, itabaki kuwa sikio bila mdomo. Lakini jirani anayepita barabarani hawezi kuona hayo. Waya wa kupokea na waya wa kurusha vinafanana, tena waya mmoja unaweza kufanya kazi zote mbili. Haukwambii sauti inakwenda upande gani. Kwa hiyo mzee akiuacha waya wazi, majirani wataona uongo. Akiuficha, wasione kitu. Na siku wakiuona baada ya kufichwa, watasema: kama ni kitu kizuri, mbona alikificha?

Usiku ule sikulala vizuri kwa ajili ya swali hilo. Je, kuficha ni kudanganya?

Kwanza niseme kazi yenyewe inavyofanyika, maana kuna watu wanadhani ni uchawi.

Kwa masafa mafupi, yale ya stesheni za mbali, hauhitaji mlingoti. Fundi hugawanya 143 kwa namba ya megahezi, anapata urefu wa waya kwa mita. Stesheni iliyo kwenye megahezi 9.5 inataka kama mita 15. Kwa kusikiliza tu, ukikosea mita mbili tatu si neno. Waya wenyewe si lazima uwe mnene. Ule mwembamba wa shaba unaotoka kwenye mota iliyoungua, wenye vanishi ya kahawia, unafaa sana. Ukiupitisha kwenye majani, kwa hatua kumi huuoni.

Jicho la mtu hukamata vitu vichache: kitu kinachong'aa, mstari ulionyooka, na kitu cheusi mbele ya mbingu nyeupe. Ondoa hivyo na kazi imekwisha. Shaba mpya inang'aa, tumia iliyopakwa vanishi au iliyo na plastiki ya kijani. Usiupandishe juu ya paa ambako nyuma yake ni mbingu, upitishe kando ya ua wa minyaa, au chini ya matawi. Usiuvute ukanyooka kama kamba ya mjenzi, uache ulegee, na upepo ukitikisa mti hautakatika. Mwishoni usiufunge moja kwa moja kwenye mti mbichi. Weka kipande cha kandambili katikati, umeme wa redio usivuje. Ila usikae karibu na mabati, maana bati hula mawimbi. Usikae karibu na nyaya za sola, zinaleta kelele. Usipite kabisa karibu na nyaya za umeme mkubwa. Na mawingu ya radi yakianza kupanda, chomoa waya kwenye redio uutupe nje ya nyumba. Radi haidanganywi na rangi ya kijani.

Njia nzuri kuliko zote ni kamba ya kuanikia nguo. Unausokota waya ndani ya kamba ya katani au ya nailoni, unaifunga kutoka mti hadi mti, unaanika shati. Nani ataitazama mara mbili?

Na akitazama, akauliza, "Hii ni nini?" unajibu, "Kamba ya nguo." Hapo umesema kweli. Nguo si hizo zinaning'inia? Lakini moyo wako unajua umejibu swali lingine, si lile uliloulizwa.

Watu walioficha antena ni wengi, na hatuwezi kuwaita wote waongo. Mwezi wa 5 mwaka 1943 Wajerumani walioitawala Uholanzi waliamuru watu wasalimishe redio zao. Wengi walizificha, chini ya sakafu na nyuma ya kuta, wakaendelea kusikiliza London. Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, kusikiliza Radio Freedom ya ANC lilikuwa kosa la kupelekwa jela, na watu waliisikiliza hivyo hivyo kwa sauti ya chini. Matangazo yale yalirushwa kutoka miji kama Dar es Salaam na Lusaka. Sijawahi kusikia mtu akiwalaumu kwamba walikosa uwazi.

Lakini yuko mwanafalsafa mmoja anayetusumbua. Immanuel Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akigonga mlango akakuuliza rafiki yako yuko wapi, hauna ruhusa ya kumdanganya. Niliposoma habari zake, kwenye kitabu kilichoachwa na kijana aliyepata safari ya Kanada, nilikasirika. Nikasema huyu bwana hakuwahi kugongewa mlango usiku. Baadaye nikamsikiliza vizuri zaidi. Anachokataa ni neno la uongo linalotoka mdomoni. Waya ndani ya kamba haujasema neno. Hata pazia dirishani halijasema neno. Kumnyima mtu asiuone undani wako ni jambo moja, kumtia uongo kichwani ni jambo jingine. Hapo ndipo nilipopumua, nikajiambia basi kuficha si kudanganya, kesho namfungia mzee waya wake.

Asubuhi nikakumbuka Mama mmoja wa nyumbani.

Nilikuwa kijana, najifunza ufundi kwa mwalimu wangu, katika kijiji cha upande wa Fizi, vita ikiwa imeanza. Mwalimu alikuwa na redio nzuri, na watu walikuja kwake usiku kujua wapiganaji wamefika wapi. Habari ile iliokoa watu, mimi ni shahidi: mara mbili tulihama kabla hawajafika. Lakini kwake hapakuwa na mti mrefu. Mwembe ulikuwa kwa jirani, mwanamke aliyefiwa na mume, na kamba yake ya nguo ilianzia kwenye nguzo yetu ikaishia kwenye mwembe wake. Mwalimu akanituma usiku nisokote waya ndani ya ile kamba. Nikafanya. Ilikuwa kazi safi, nilijisifu moyoni. Mama hakuambiwa. Mwalimu alisema, "Asiyejua haogopi."

Waliokuja hawakufuata waya kutoka kwenye redio. Waliuona upande wa mwembe, mahali nilipozungusha kwenye tawi, na jua la asubuhi liliuwasha. Hivyo walianzia kwa Mama. Wakamuuliza, "Hii ni nini?" Akajibu, "Kamba ya nguo." Wakachana kamba mbele yake, waya ukatoka. Wakamuuliza tena. Akasema hajui. Na kweli hakujua. Lakini mtu asiyejua, akiwa amesimama mbele ya kitu kinachotoka ndani ya kamba yake mwenyewe, anafanana kabisa na mwongo. Walimpiga mpaka mkono ukavunjika. Mimi na mwalimu tulikuwa tumelala kwenye mihogo, tunasikia.

Hakufa. Niliwahi kukutana naye tena, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, mkono umepona vibaya. Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Aliniambia maneno ambayo sijayatua mpaka leo: "Mtoto, mngeniambia ningekubali. Na mimi nilikuwa nakimbia kwa habari za ile redio. Lakini ningejua cha kusema."

Kwa hiyo nilikuwa nimejiuliza swali la nusu. Nilijiuliza kama kuficha ni kudanganya, nikawatazama wenye bunduki. Wenye bunduki hawakuwa na haki ya kujua, na kuwaficha halikuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kwa Mama. Tulimbebesha hatari mgongoni bila kumwambia mzigo una nini. Hatukumwambia uongo hata mmoja, na bado tulimtendea kama uongo unavyomtendea mtu: tulimwamulia maisha yake gizani.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila anayeweza kuumia aambiwe kila kitu. Mtoto wa miaka sita akijua, anaweza kusema kwa kucheza. Ipo siri ambayo kuijua ndiko kunakoua. Mwalimu wangu alikuwa na hoja, na kwa mtoto ingekuwa hoja nzuri. Lakini Mama hakuwa mtoto, na mwembe ulikuwa wake. "Asiyejua haogopi" ni maneno matamu kwa anayejua. Tuliyasema ili yatulinde sisi tusisikie jibu lake, maana angeweza kukataa.

Wachungaji wetu wanapenda kuhubiri habari za Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi juu ya paa chini ya mabua ya kitani. Wanabishana kama alitenda dhambi alipowaambia watu wa mfalme kwamba wageni wameshaondoka. Mimi huwa nasikiliza sehemu nyingine. Kabla hajawateremsha kwa kamba, aliomba uhai wa baba yake, mama yake na ndugu zake, kila mtu ambaye angelipa kwa ajili ya kile alichokificha. Na akafunga uzi mwekundu dirishani, mahali pa kuonekana. Kilichofichwa kilikuwa juu ya paa, lakini alama ilikuwa wazi kwa wale waliotakiwa kuiona.

Lipo swali moja bado, na kijana mmoja wa shule aliniuliza nilipomsimulia haya. "Fundi, je, kama mzee anasikiliza sumu?" Swali zuri. Katika ukanda wetu tunajua redio inaweza kuwa panga. RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, na mwaka 1994 ilikuwa inawachochea wauaji. Lakini kumbuka jambo moja: wasikilizaji wa RTLM hawakuhitaji kuficha antena. Waliisikiliza barabarani, kwenye vizuizi, sauti juu. Uwazi haukuwazuia kitu. Basi mtu akisema "kama ni kizuri, mbona umekificha?" tunaweza kumjibu: uovu mkubwa tuliouona katika ukanda huu ulitangazwa mchana. Mara nyingi anayeficha ni mnyonge tu anayeogopa wengi.

Hata hivyo nilimuuliza mzee anasikiliza nini. Akawasha nikasikia: habari, vifo vya watu wa kwao, bei ya ng'ombe, kwaya. Kama ningesikia kitu cha kuchochea damu, nisingefunga waya, wala wa kuonekana wala wa kufichwa. Ufundi wangu si bomba la kila maji.

Nikamwambia, "Papa, kwako hakuna mti. Mti ni wa jirani yako. Nitausokota waya ndani ya kamba, lakini kwanza umwambie."

"Nikimwambia, kwa nini niufiche?"

"Unawaficha wapita njia. Yeye si mpita njia. Watu wakija na maneno, wataanzia kwake."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Yeye ndiye anayeyaleta hayo maneno."

Sikuwa na jibu la haraka. Kanuni yangu ilikuwa nzuri mpaka ilipokutana na jirani wa kweli. Nilifikiri, kisha nikasema, basi hatutautumia mti wake. Kama huwezi kumwambia mtu, usiiweke siri yako kwenye kiwanja chake. Mzee akasema ngoja nijaribu. Akaenda. Nilimwona kwa mbali, amesimama na kofia mkononi, mtu wa miaka karibu sabini. Alirudi upesi.

"Amekataa."

Kwa hiyo tulifunga waya ndani ya kiwanja chake tu, kutoka kwenye dirisha, kando ya ua wa minyaa, mpaka nguzo ya jikoni. Mita nane badala ya 15. Huuoni hata ukipita karibu. Lakini mita nane, chini vile, karibu na bati la jikoni, hazitoshi. Usiku mwingine anasikia vizuri, usiku mwingine stesheni inazama katikati ya majina ya waliokufa, na mzee anabaki hajui jina la mwisho lilikuwa la nani. Ananilaumu. Anasema, "Fundi, kanuni yako imenila masikio." Na jirani sasa anajua kwamba mzee alitaka waya. Sijui atafanya nini na neno hilo. Mpaka leo hajafanya kitu, ila siku mbili tatu baadaye mke wake alimuuliza mzee, kwa ukali, kama redio imesema barabara ya kule imefunguliwa. Mzee akamjibu bado. Ndiyo maneno ya kwanza kati ya nyumba hizo mbili tangu walipopewa viwanja.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, nina maneno mawili kwenu, kwa heshima. La kwanza: mkikuta kitu kimefichwa kwetu, msianze na kosa, anzeni na hofu. Mkimuuliza mtu "unaogopa nini?" mtapata jibu mapema kuliko mkimuuliza "unaficha nini?"

La pili ni gumu kidogo. Na nyinyi mna nyaya zenu ndani ya kamba. Kuna mikutano ambamo mgao wetu unaamuliwa, nasi tunakuja kujua siku ya foleni, kilo zikiwa zimepungua na mwenye kupima hana la kusema. Kuna karatasi tunazotia kidole bila kuelezwa majina yetu yanakwenda wapi. Najua si kila jambo linaweza kutangazwa. Najua wengi wenu mnaambiwa mnyamaze, na pengine mnaamini kwamba asiyejua haogopi. Nami niliamini hivyo nikiwa nimelala kwenye mihogo. Mwaka ule sisi tulikuwa na redio na Mama alikuwa na mwembe. Hapa redio iko kwenu, mwembe ni wetu.

Nilimwambia yule kijana wa shule kwamba sina jibu la kila siri. Nina swali moja tu ninalojiuliza kabla ya kukata waya: siku hiki kitu kikionekana, watamgongea nani kwanza? Kama ni mimi, nafunga. Kama ni mwingine, naweka koleo chini, naenda kubisha hodi kwake.